Mama Mkwe Katuma Uongo, Utamjibuje?

Katika ukurasa huu tumeshazungumza sana kuhusu meseji za siri, zile zinazosomewa chooni na kufutwa haraka haraka. Mwezi huu nataka tuzigeukie meseji ambazo hakuna anayezificha. Zinaingia saa kumi na moja alfajiri kwenye grupu la ukoo, zimejaa alama za mshangao, na zinamalizika kwa maneno yale yale: "Watumie wote unaowapenda."

Hapo kwenye "unaowapenda" ndipo penye kazi. Habari ya uongo haiji nyumbani kwako kwa mkono wa adui. Inaletwa na mama, shangazi, mume, rafiki uliyesoma naye sekondari, yaani watu ambao wakikuambia jambo huna desturi ya kuwadai ushahidi. Aliyeiandika mwanzo humjui. Unamjua aliyekuletea tu, na kwa kuwa unamwamini yeye, unauamini na mzigo aliobeba.

Nimesomea mawasiliano, kwa hiyo tafiti za mambo haya huwa nazifuatilia. Nyingi zimefanyika Marekani na Ulaya, lakini zipo pia za huku kwetu Afrika. Nikizisoma naona zinatufaa sana sisi tunaoishi na wenza, wakwe na magrupu sita ya WhatsApp kwenye simu moja.

<b>Uongo una mbio</b>

Mwaka 2018 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral wa taasisi ya MIT ya Marekani. Walichambua habari zipatazo 126,000 zilizozagaa Twitter, mtandao ambao tangu 2023 unaitwa X, kuanzia mwaka 2006 hadi 2017. Habari hizo zilisambazwa na watu kama milioni 3. Walikuta kwamba uwezekano wa habari ya uongo kusambazwa tena ulizidi ule wa habari ya kweli kwa asilimia 70. Ya kweli ilitumia muda wa karibu mara sita zaidi kuwafikia watu 1,500.

Najua utasema, "Ah, hiyo ni kazi ya mitambo." Siyo. Programu zinazojiendesha zenyewe zilisambaza kweli na uongo kwa kiasi kinacholingana. Tofauti tuliileta sisi binadamu. Uongo ulikuwa na upya, ulishangaza, ulichefua. Na wewe unajua raha ya kuwa wa kwanza kuleta jambo kijiweni au saluni. Kweli mara nyingi imejikalia tu, haina chumvi.

<b>Kumbe siyo ujinga</b>

Tukimwona mtu kasambaza uzushi, haraka tunasema hajasoma. Watafiti Gordon Pennycook na David Rand wanalitazama kwa jicho jingine. Katika kazi yao iliyotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2021, waliona kwamba watu wengi wakiulizwa, "Hii ni kweli?" wanaweza kutofautisha vizuri tu. Tatizo ni kwamba wakati wa kubonyeza hawajiulizi. Wanawaza itachekesha, itashtua, itaonyesha niko upande gani.

Basi wakawatumia zaidi ya watumiaji 5,000 wa Twitter swali moja dogo: unadhani kichwa hiki cha habari ni sahihi? Hawakuwafundisha kitu, wala hawakumkaripia mtu. Baada ya swali hilo, habari walizosambaza watu hao zilitoka kwenye vyombo vyenye ubora zaidi kuliko kabla. Kukumbushwa tu kulisaidia.

Hapo kwa jirani zetu Kenya, Susan Athey wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walijaribu kitu kinachotuhusu zaidi: kozi ya siku tano kwa meseji za simu. Kundi moja lilifundishwa mbinu za kuchambua hoja. Kundi jingine lilifundishwa kuziangalia hisia zake: ujumbe huu unanitia hofu? Unanipandisha hasira? Kozi ya hisia ndiyo iliyofanya vizuri zaidi katika kupunguza kusambaza uzushi. Kwa hiyo mapigo ya moyo yakikwenda mbio unaposoma meseji, hiyo ndiyo dalili ya kuweka simu chini kwanza.

<b>Sasa tuje kwa mama mkwe</b>

Rafiki yangu mmoja ni mfamasia, ameolewa miaka minne. Mwaka jana mama mkwe wake alituma kwenye grupu la ukoo ujumbe mrefu unaosema vidonge vya presha vinaua figo, na kwamba kitunguu saumu na maji ya moto asubuhi vinatosha. Rafiki yangu, kwa nia njema kabisa, akajibu mbele ya watu arobaini: "Mama, huu ni uongo." Akaweka na maelezo ya kitaalamu.

Jamani! Mama akajitoa kwenye grupu. Mawifi wakanuna. Mume akakaa wiki nzima anajibu kwa "mm" na "sawa." Na katika kelele zote hizo hakuna aliyeuliza swali la maana: je, mama bado anameza vidonge vyake? Alikuwa ameviacha kwa siku kumi na moja.

Kilichotatua ni mume kwenda kwa mama yake Jumamosi, peke yake, bila karatasi wala mahubiri. Hakuanza na meseji. Alimuuliza anajisikiaje. Mama akasema vidonge vinamchosha, na ujumbe ule ulikuja siku ambayo alikuwa ameshavichukia. Wakaenda pamoja kwa daktari anayemtibu siku zote, akabadilishiwa dawa, akarudi kwenye matibabu. Wiki mbili baadaye mama mwenyewe, akiwa amerudi kwenye grupu, akaandika: "Wanangu, ule ujumbe tulidanganywa. Msiache dawa." Huyo ndiye aliyesikilizwa na watu wote arobaini.

Tuangalie lugha kidogo. Kwa Kiswahili, kumwambia mtu mzima "huu ni uongo" ni sawa na kumwita mwongo. Lakini "tumedanganywa" inamweka yeye na wewe upande mmoja, na kosa linabaki kwa aliyetunga.

Je, ina maana tunyamaze hadharani? Hapana. Leticia Bode na Emily Vraga, watafiti wa Marekani, wamefanya majaribio kuhusu watu wanaosahihishana mitandaoni, likiwemo moja kuhusu uzushi wa ugonjwa wa Zika. Waliona kwamba sahihisho linawasaidia watazamaji, yaani wale wanaosoma kimya kimya, hasa likiambatana na chanzo kinachoaminika. Kwenye grupu la watu arobaini, mmoja ndiye aliyetuma na thelathini na tisa wanatazama. Kwa hiyo mtumaji mwone faragha, ila grupu nalo lipate taarifa sahihi. Ikiwezekana aliyetuma ndiye aitume. Na kwa wanandoa, kila mtu aanze na wazazi wake. Mkwe asitangulie pale mtoto alipo.

Wengine hukata tamaa, eti mtu ukimsahihisha ndiyo anazidi kushikilia. Thomas Wood na Ethan Porter walilitafuta jambo hilo kwa zaidi ya watu 10,000 na mada 52, wakachapisha matokeo mwaka 2019: karibu halikuonekana. Baadaye, mwaka 2020, Porter na Wood walipima masahihisho ya mashirika ya kukagua ukweli huko Argentina, Nigeria, Afrika Kusini na Uingereza. Katika nchi zote nne imani potofu zilipungua, na sehemu kubwa ya mafanikio hayo ilikuwa bado ipo zaidi ya wiki mbili baadaye. Kumbe watu husikia. Wanachokataa mara nyingi ni kudhalilishwa.

<b>Wakaguzi wanafanyaje?</b>

Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Stanford waliwaketisha mbele ya kompyuta wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wanafunzi 25 wa chuo hicho na wakaguzi 10 wa habari. Wasomi wengi walibaki kwenye ukurasa waliopewa, wakiusoma kutoka juu hadi chini, na mara nyingi nembo nzuri na lugha nzuri viliwateka. Wakaguzi walitoka haraka. Walifungua kurasa nyingine kuuliza: hawa ni akina nani, na wengine wanasemaje kuhusu wao? Walipata jibu sahihi kwa muda mfupi zaidi.

Hata bibi zetu walipokuja wachumba walifanya hivyo hivyo. Hawakumchunguza kijana kwa suti aliyovaa. Walituma mtu akaulizie kwa majirani.

Kwa hiyo, kabla hujafowadi:

1. Tulia. Ukiona ujumbe umekushtua au umekukasirisha, subiri hata nusu saa.

2. Angalia mishale. WhatsApp huweka mishale miwili kwenye ujumbe uliopita mikono mitano au zaidi. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo unafowadiwa kwa chati moja tu kwa wakati mmoja. Mishale miwili haimaanishi uongo, ila inamaanisha aliyekutumia siye aliyeandika.

3. Ulizia kwa majirani. Tafuta habari hiyo kwenye vyombo viwili vitatu unavyovijua. Wapo pia wanaofanya kazi ya kukagua, kama Nukta Fakti hapa Tanzania, PesaCheck na Africa Check.

4. Picha na sauti siyo ushahidi tena. Siku hizi sauti ya mtu inaigizwa na kompyuta. Ndugu "akiomba" pesa kwa sauti, mpigie kwa namba yake uliyoizoea.

<b>Usigeuke mtu wa kutoamini kitu</b>

Hapa ndipo ninapotaka tuwe makini zaidi. Mwaka 2024 Emma Hoes na wenzake walionyesha, kwenye jarida la Nature Human Behaviour, kwamba baadhi ya mbinu za kupambana na uzushi hupunguza imani kwenye uongo, lakini pia huwafanya watu wazitilie shaka hata habari za kweli. Unamfundisha mtu kuogopa kudanganywa, anaishia kutoamini chochote.

Sisi wa ukurasa huu tunamjua mtu huyo. Ni yule aliyewahi kusalitiwa, halafu kila mwenza mpya anapekuliwa simu. Anadhani amekuwa mjanja, kumbe amepoteza uwezo wa kumtambua mkweli akimpata. Mtu anayesema "magazeti yote yanadanganya" yuko pale pale. Anabaki na habari anazozipenda tu, na mtunzi wa uzushi humpata kwa urahisi.

Imani, iwe kwa chombo cha habari au kwa mpenzi, hujengwa kwa mambo yanayoonekana. Je, anasema amejuaje? Akikosea anasahihisha waziwazi au anafuta kimya kimya? Maneno yake ya mwaka jana yalitimia? Anayefaulu hapo mpe imani yake, wala usione aibu kumwamini.

Wiki hii nawapa kazi ndogo wewe na mwenzio. Kaeni mkubaliane sentensi moja ya kutumia mkitumiana jambo lenye shaka. Wapo wanandoa ninaowafahamu wanaoandika tu "umeipata wapi?" na hakuna anayekasirika, kwa sababu walikubaliana mapema kwamba swali ni la habari na siyo la mtu. Halafu mpigieni mama simu, muulizeni kama dawa anameza. Tukutane mwezi ujao.