Volta Yupi?

Mwanafunzi mmoja aliwahi kunieleza kwamba Ziwa Volta la Ghana liliitwa hivyo kwa heshima ya Alessandro Volta, kwa kuwa bwawa la Akosombo, lililokamilika mwaka 1965 na kuunda ziwa hilo, huzalisha umeme. Hoja yake ilipendeza, lakini haikuwa ya kweli. Ziwa lilirithi jina la mto, na mto ulipewa jina hilo na Wareno kabla mwanasayansi huyo hajazaliwa. Katika lugha yao, volta ni mzunguko au marejeo. Nchi iliyoitwa Volta ya Juu, ambayo tangu mwaka 1984 ni Burkina Faso, nayo ilifuata mto, si mtu.

Mtaliano huyo alizaliwa mjini Como mwaka 1745, akatangaza betri yake mwaka 1800. Kwake tumepata volti, kipimo kilichoidhinishwa Paris mwaka 1881, na pia kreta moja mwezini.

Kwa maoni yangu, kosa la mwanafunzi yule ni letu walimu. Tumemzoesha kukariri majina pasipo kudai ushahidi. Kufanana kwa majina ni sababu ya kuuliza, wala si jibu.