AFYA YA FAMILIA: Mtoto mwenye tatizo la macho asiishie kwenye kipimo cha shule



Mwezi huu tuongee juu ya macho ya watoto wetu wadogo. Wahudumu wa afya wakija shuleni kupima macho, sote tunafurahi, na ni jambo jema. Lakini wapo watoto ambao kipimo hicho peke yake hakiwatoshi. Ni wale ambao tatizo lao linajulikana tayari: mwenye makengeza, aliyefanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, mwenye ualbino, aliyeumia jicho, au anayevaa miwani.

Kwa nini hakiwatoshi? Kipimo cha shule ni kama chekeche. Kazi yake ni kumtafuta mtoto ambaye tatizo lake bado halijajulikana. Mtoto anasimama mbali na kadi yenye herufi E, mara nyingi mita 6 au 3, anaziba jicho moja, halafu anaonyesha kwa mkono E imeelekea wapi. Hapo tunajua anaona mbali kiasi gani, basi. Kadi haipimi presha ya ndani ya jicho, wala haionyeshi kama jicho lililofanyiwa operesheni linaendelea vizuri.

Tena watoto wetu ni wajanja. Mwenye jicho moja zuri anachungulia katikati ya vidole, au anashika jibu la mwenzake aliyemtangulia. Anarudi nyumbani mbio: "Mama, nimepita!" Mama anafurahi, na tarehe ya kliniki inasahauliwa.

Hapo ndipo hasara inapoingia. Jicho lisiloona vizuri, ubongo unazoea kuliacha. Mtoto akiwa bado mdogo, hasa kabla ya miaka 7 au 8, daktari anaweza kulisaidia kwa miwani, au kwa kuziba lile jicho zuri saa fulani kila siku ili jicho dhaifu lifanye kazi. Akishakua, matibabu hayo yanakuwa magumu, na mara nyingi uwezo uliopotea haurudi wote. Kwa hiyo tusisema "ataacha akikua". Na usimzibe jicho mwenyewe bila kuelekezwa na daktari.

Basi tufanye nini?

1. Kabla ya siku ya kupima, mwambie mwalimu kwamba mtoto ana tatizo la macho. Usione aibu. Mwalimu asipojua, atamwita mvivu.

2. Kama ana miwani, aende nayo. Apimwe akiwa ameivaa, jicho moja moja.

3. Hata akipita, tarehe ya kliniki ibaki palepale. Kama hana tarehe, mpeleke kituo cha afya uombe rufaa kwa daktari wa macho.

4. Mtoto mwenye ualbino akae mbele karibu na ubao, pasipo mwanga mkali wa dirisha usoni, na avae kofia pana akiwa nje. Hata akivaa miwani anaweza kuona hafifu. Siyo uzembe wake.

Najua wengi wetu tulikimbia mikono mitupu. Karatasi za hospitali zilibaki Uvira, Fizi au Makamba. Usiache kwenda kliniki kwa sababu hiyo. Mweleze mhudumu kwa mdomo: tatizo lilianza mtoto akiwa na umri gani, alipewa dawa au alipasuliwa, jicho la kulia au la kushoto. Ataandika upya. Kadi hiyo mpya ifunge kwenye mfuko wa plastiki, uiweke pamoja na karatasi za familia. Ukihamia zoni nyingine, ukirudi nyumbani au ukipelekwa nchi ya mbali, isafiri na mtoto. Daktari wa kule aendelee pale wa hapa alipofikia.

Mwisho, kuna mambo yasiyongoja siku ya shule. Ukiona weupe ndani ya mboni, jicho jekundu linalouma sana, makengeza yaliyoanza ghafla, au mtoto anayeona vibaya kuliko jana, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Baba na mama, msomeeni jirani asiyejua kusoma ukurasa huu. Huenda mtoto wake ndiye anayeuhitaji. Tukutane mwezi ujao.