Kulungu wa Ann Arbor na Uvivu wa Watawala

Mwezi Januari, 2016, mji wa Ann Arbor katika jimbo la Michigan, Marekani, ulifunga baadhi ya bustani zake za mapumziko tangu saa 10 alasiri hadi saa 6 usiku. Mji huo hauna sifa ya ushenzi. Ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Michigan, na wakazi wake wengi ni wasomi na watu wenye nafasi. Bustani zilifungwa kwa sababu walenga shabaha wa serikali ya shirikisho walikuwa wamepewa kazi ya kujificha humo na bunduki, wakiwangojea kulungu waje kula mahindi waliyotandaziwa, kisha wawapige risasi. Msimu huo wa kwanza ulipokwisha, kulungu 63 walikuwa wameuawa. Kazi hiyo ilirudiwa mwaka hata mwaka hadi 2020, na mwaka 2018 hesabu ya waliouawa ilipita 100. Kama dawa ingekuwa inaponya, dozi ingepungua.

Kulungu anayezungumzwa hapa si yule wa misitu ya Afrika. Kiswahili kimemwazima jina kwa kuwa maumbo yao yanakaribiana, lakini huyu wa Marekani ni wa ukoo mwingine kabisa: dume lake huota pembe na kuziangusha kila mwaka, na akishtuka huinua mkia wake ambao upande wa chini ni mweupe. Wasomaji wa Biblia humjua jamaa yake kwa jina la ayala.

Kabla ya risasi ya kwanza kulia, halmashauri ya mji ilifanya mambo mawili ambayo yafaa yawekwe pamoja. Mwaka 2015 ilipitisha sheria ndogo ya kuwakataza wakazi kuwalisha kulungu. Mwaka huo huo ikailegeza sheria nyingine ya mji, ile iliyokataza kufyatua bunduki, ili kazi iliyokusudiwa iwezekane. Basi mzee aliyemtupia kulungu tufaha kutoka barazani mwake alikuwa mvunja sheria, na mji uliomtandazia mahindi ili umuue ulikuwa unatekeleza sera. Watumishi wa serikali wa kila nchi wanaijua sana hali hii, hata wale ambao hawajapata kumwona kulungu maishani mwao.

Kadhalika wanaijua lugha yake. Katika majalada ya halmashauri za namna hii mnyama hauawi. “Hupunguzwa”, “husimamiwa”, na neno linalopendwa kuliko yote, “huvunwa”. Neno hilo la mwisho limekwisha kuingia hata katika Kiswahili cha ofisi, nalo linastahili kutiliwa shaka. Mkulima huvuna alichopanda, na hakuna halmashauri iliyompanda kulungu.

Hata hivyo iko maana moja ambayo kwayo wakazi wa vitongoji vya Marekani walimpanda kweli kweli. Kufikia mwisho wa karne ya 19 biashara ya nyama na ngozi ilikuwa imewafyeka kulungu hawa hata wakabaki chini ya 500,000 katika nchi nzima. Mwaka 1900 ikatungwa Sheria ya Lacey dhidi ya biashara hiyo, majimbo nayo yakaweka misimu na masharti ya uwindaji. Wakati huo huo mbwa mwitu na puma, waliokuwa wakimla kulungu tangu zamani, waliuawa mpaka wakatoweka karibu sehemu yote ya mashariki. Kisha, baada ya Vita Kuu ya Pili, misitu ilikatwa vipande vipande, pakajengwa nyumba zenye bustani pana, nyasi zilizotiwa mbolea, tulipu na vichaka laini vya mapambo. Kulungu hapendi msitu mnene, wala hapendi jangwa. Hupenda ukingo, mahali msitu unapokutana na uwazi. Kitongoji cha Kimarekani ni ukingo mtupu. Mnyama aliandaliwa karamu, maadui zake wakafukuzwa mlangoni, naye akazaa. Leo wako kiasi cha milioni 30. Hapo ndipo mwenye karamu aliposhangaa kuona mgeni amekuja, akaita bunduki.

Haifai kukana kwamba kulungu wakizidi huleta madhara. Hula miche ya miti hata msitu ukose warithi, humaliza maua ya porini, na ndege wanaotaga katika vichaka vya chini hukosa pa kuweka viota. Magari huwagonga mara nyingi: makampuni ya bima hukadiria ajali za namna hiyo kupita milioni 1 kwa mwaka katika nchi nzima, na watu hufa. Mwenye kupinga bunduki akiyaficha haya hatasadikiwa, wala hastahili kusadikiwa. Lakini kuwako kwa madhara hakuthibitishi kwamba risasi ndiyo tiba yake.

Hoja inayowatisha watu zaidi ni ile ya maradhi ya Lyme, yaliyopewa jina la mji mmoja wa Connecticut na ambayo hueneazwa na kupe. Wazazi huambiwa kwamba kulungu ndiye mwenye ugonjwa. Siye. Kupe mchanga huupata ugonjwa hasa kwa kumnyonya panya mwenye miguu myeupe na wanyama wengine wadogo. Kulungu humlisha kupe mzima na kumbeba kutoka mahali hadi mahali, lakini hamwambukizi. Ni kweli kwamba katika kisiwa cha Monhegan, jimbo la Maine, kupe walipungua sana baada ya kulungu kuondolewa. Lakini ilibidi waondolewe wote, hata wa mwisho, kufikia 1999, nacho ni kisiwa kidogo mbali na bara. Hakuna halmashauri ya kitongoji inayothubutu kuwaambia wakazi wake kwamba itamwua kulungu wa mwisho, na hata ingethubutu, wengine wangeingia kesho yake kutoka mashambani. Kuua sehemu tu na kuahidi afya ni kuwauzia wazazi matumaini yasiyokuwako ghalani.

Kasoro kubwa ya bunduki ni kwamba haiachi kazi imekwisha. Jike mwenye kushiba huzaa mapacha, na pengine watatu. Ukiua nusu ya kundi, nusu iliyobaki hupata malisho maradufu. Watoto wao huishi kwa wingi zaidi, na nafasi iliyoachwa wazi hujazwa na majirani. Ndiyo maana mpango unaoanza kwa ahadi ya kupunguza hugeuka kuwa msimu wa kila mwaka, wenye fungu lake katika bajeti, walenga shabaha wake, na bustani zake zilizofungwa wakati watoto wanatoka shule. Mji uliozoea jambo hilo haujiulizi tena kwa nini magari yaendeshwe kasi ile ile kati ya Oktoba na Desemba, ambapo madume huhangaika kutafuta majike na kuvuka barabara ovyo, wala kwa nini ruhusa za ujenzi zitolewe bila kuacha njia ya wanyama.

Njia nyingine ziko. Katika kisiwa cha Fire Island, New York, tangu mwaka 1993 majike walipigwa kwa sindano za mbali zenye chanjo ya kuzuia mimba, na katika sehemu zilizohudumiwa kulungu walipungua bila mlio wa bunduki. Mwaka 2009 serikali ya shirikisho iliidhinisha chanjo nyingine ya aina hiyo, iliyobuniwa na wataalamu wake yenyewe. Mwaka 2014 kijiji cha Hastings-on-Hudson, ambacho kiko bara wala si kisiwani, kilianza kuwachanja majike wake na kuwatia hereni za namba masikioni. Staten Island, ndani ya Jiji la New York ambamo uwindaji umekatazwa, iliamua mwaka 2016 kuwafunga madume mirija ya uzazi. Zaidi ya madume 1,000 walifanyiwa upasuaji huo, na watoto waliozaliwa wakapungua sana. Kazi hiyo iligharimu mamilioni ya dola, na wakosoaji hawakuchoka kulitaja hilo. Lakini waliotaja gharama hiyo hawakueleza bunduki itagharimu kiasi gani ikifyatuliwa kila Januari bila kikomo.

Ann Arbor yenyewe ilijaribu. Mwaka 2017, pamoja na wale waliouawa, majike 54 walitolewa ovari kwa kibali cha utafiti, na mabingwa waliosimamia upasuaji walitoka katika shirika lile lile lililoleta walenga shabaha. Ujuzi ulikuwapo, watu walikuwapo, na wakazi walikwisha kuwazoea majike wenye hereni waliokuwa wakipita katika mitaa yao. Ndipo mwezi Desemba, 2018, jimbo la Michigan lilipotunga sheria ya kukataza vibali vyote vya kuwafunga uzazi wanyama wa kuwindwa hadi tarehe 1 Aprili, 2022. Kuua hakukukatazwa. Mji uliokuwa na njia mbili ulinyang'anywa ile ya upole, ukaachiwa ile ya damu, nao waliofanya hivyo hawakuwa wakazi wake.

Mwenye kutaka kuelewa jambo hili hana budi kutazama fedha zinakotoka. Mwaka 1937 Marekani ilitunga sheria ya kuelekeza kodi ya bunduki na risasi kwenye idara za wanyamapori za majimbo, na ada za leseni za uwindaji huongezwa juu yake. Fedha hizo zimefanya mengi mema; kurudi kwa kulungu mwenyewe ni mojawapo. Walakini idara inayoishi kwa ada ya mwindaji itamwona kulungu aliyefungwa uzazi kuwa ni mali iliyopotea. Hapana haja ya kumshuku mtu kwa rushwa. Inatosha kujua nani analipa mshahara.

Wapo watakaosema kwamba nyama ilipelekwa kwa wenye njaa. Ilipelekwa, na ni heri iliwe kuliko izikwe. Lakini nchi yenye utajiri huo ingeona haya kuwahesabu maskini wake miongoni mwa sababu za kufyatua risasi bustanini. Kama njaa ndiyo iliyoisumbua halmashauri, isingengoja kulungu wale tulipu.

Halmashauri yoyote ya mji inayofikiria kuita walenga shabaha na iwekwe kwanza mbele ya wananchi ijibu kwa maandishi: imepunguza mwendo wa magari katika barabara zipi, imewasaidia wakazi wangapi kujenga nyua na kupanda mimea isiyopendwa na kulungu, imekataa ruhusa ngapi za kukata misitu, imechanja majike wangapi na kwa miaka mingapi, na ni mwaka gani, kwa tarehe, ambapo bunduki itarudishwa ghalani isitoke tena.