MWANAO ANANGOJA NENO LAKO



Leo naongea na wewe mzazi, na wewe kijana uliyemaliza kozi na bado unazunguka na bahasha ya vyeti.

Kuna vijana wameacha kuja kanisani, na si kwamba wamemwacha Mungu. Wanaogopa swali moja la pale mlangoni baada ya ibada: "Siku hizi unafanya kazi wapi?" Mwaka wa kwanza kijana anajibu, "Bado tunaomba." Mwaka wa pili anatoka kabla ya baraka za mwisho. Mwaka wa tatu hatumwoni tena.

Mzazi, najua ulivyojinyima. Uliuza ng'ombe, ukakopa kwa chama, karo ikalipwa. Kutarajia matunda si dhambi. Elimu nayo ni baraka. Paulo alisomeshwa na Gamalieli, na bado alishona mahema apate riziki (Matendo 22:3, 18:3).

Shida ni pale tunapomfundisha mtoto kwamba furaha iko mbele. Ukipata A. Ukiitwa chuo kikuu. Ukipata kazi ya ofisi. Kila akifika, anaambiwa bado. Na yule aliyekosa C+ ya kuingia chuo kikuu, akaenda chuo cha ufundi kujifunza kuchomelea vyuma, anaongelewa nyumbani kama kuna matanga. Hata aliyefaulu anaweza kuumia: analipwa vizuri, lakini kozi ilikuwa ndoto ya babake, na kila Jumatatu moyo wake ni mzito.

Sasa fungua Mathayo 3:17. Yesu anabatizwa Yordani akiwa na umri wa kama miaka 30. Hajaponya mgonjwa hata mmoja. Hana wanafunzi. Kwao Nazareti anajulikana kama seremala. Siku hiyo ndiyo Baba anatangaza kwamba huyu ni Mwanawe na anapendezwa naye. Kazi ilikuja baadaye, ikamkuta tayari anapendwa.

Huo ndio utaratibu wa Mungu. Sisi tumeupindua: leta cheti kwanza, ndipo nikwambie najivunia wewe.

Mzazi, mpigie mwanao simu wiki hii. Usimuulize habari ya kazi. Mwambie unampenda na unashukuru Mungu kwa ajili yake, halafu nyamaza umsikilize. Na kama una mtoto anayechagua mkondo wa Gredi ya 10, iwe ni sayansi, masomo ya jamii au sanaa na michezo, keti naye kwanza kabla ya kumtangazia jirani kwamba umezaa daktari.

Kijana, endelea kutuma maombi ya kazi. Ukipata kibarua cha mjengo, kifanye kwa bidii bila aibu. Lakini usiahirishe furaha yako mpaka barua ya kazi ije. Wale wanafunzi 70 walirudi wakishangilia kazi ilivyowaendea vizuri, na Yesu akawaelekeza wafurahie kwamba majina yao yameandikwa mbinguni (Luka 10:20). Jina lako halikuandikwa huko kwa sababu ya digrii.

Jumapili njoo. Kiti chako kipo. Na wewe mshirika utakayemkuta mlangoni, muulize tu, "Unaendeleaje?"

Baba, ponya nyumba ambazo upendo umefungwa kwa cheti. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, andika AMINA, kisha umtumie kijana mmoja ujumbe huu.