Joho la Sukari

Aghalabu mtoto mchanga anaposhikwa na kichomi, lawama ya kwanza huiangukia baridi: kwamba alilazwa penye upepo, au alinyeshewa akiwa mgongoni mwa mamaye, au aliogeshwa maji yasiyopata moto wa kutosha. Siwadharau wasemao hayo, maana mwili uliodhoofika hushambuliwa upesi. Lakini lawama hiyo humsitiri mhalifu mwenyewe, naye ni kiini kisichoonekana kwa macho matupu, kiitwacho nimokokasi, ambacho huishi puani mwa watoto wetu wengi walio wazima kwa majuma na miezi bila ya kuwaletea dhara, kisha, kwa mmoja kati ya wengi, hushuka mapafuni, au hupenya katika damu, au huufikia utando wa ubongo, na mtoto aliyecheza jana akawa leo mahututi. Kiini hiki kina silaha zaidi ya moja. Iliyo kuu ni vazi lake.

Juu ya ukuta wa mwili wake kiini hujifunika joho nene la minyororo mirefu ya sukari, si sukari hii ya chai, bali sukari za namna nyingi zilizoungana, na kila ukoo wa viini hufuma lake kwa namna yake, hata wataalamu wamekwisha kuhesabu majoho zaidi ya 100 yasiyofanana. Damu ya mwanadamu ina chembe nyeupe ambazo kazi yake ni kuwameza wageni waovu, nazo humtambua mgeni kwa alama ambazo protini za damu humbandika mwilini. Basi joho huzificha alama hizo chini yake, chembe nyeupe zikapita karibu na adui zisipate pa kumshika, naye akazidi kuzaana. Hali hubadilika pale tu mwili unapokuwa umejifunza kulijua joho lenyewe na kutengeneza kingamwili za kuliganda kwa nje, kwani hapo vazi lililokuwa sitara ndilo humponza aliyelivaa. Wengu ndicho kiungo kikuu cha kuisafisha damu na viini vya namna hii, na ndiyo sababu watoto wenye selimundu, ambao wengu wao huharibika mapema, hushambuliwa navyo kuliko wenzao. Jambo ambalo kila mzazi wa mtoto kama huyo ana haki ya kuelezwa na tabibu wake, tena mapema.

Nguvu ya joho hili ilidhihirishwa mwaka 1928 na tabibu Mwingereza, Frederick Griffith, aliyefanya kazi London. Aliwadunga panya viini hai visivyo na joho, panya wakaishi. Akawadunga viini vyenye joho vilivyokwisha kuuawa kwa moto, wakaishi pia. Lakini alipovichanganya viwili hivyo pamoja, panya walikufa, na katika damu yao vikaonekana viini vilivyo hai vimevaa majoho. Vile vya uchi vilikuwa vimerithi ufumaji kwa maiti. Mwaka 1944 Oswald Avery na wenzake, Colin MacLeod na Maclyn McCarty, walithibitisha mjini New York kwamba urithi huo ulibebwa na DNA, na tangu hapo habari hii hufundishwa kama mlango wa elimu ya urithi. Ni sawa kuifundisha hivyo. Ila nasikitika kwamba wanafunzi hutoka darasani wakiikumbuka DNA na kuwasahau panya, ilhali panya wale walitudhihirishia jambo linalotugusa zaidi sisi wenye watoto wadogo: kiini kilekile, kikiwa na joho huua, kikiwa hakina hakiui.

Ikawa dhahiri kwamba kinga ni kuufundisha mwili kulijua joho kabla ya kukutana na mwenye nalo. Maarifa yenyewe yalipatikana zamani, na hapa ndipo historia inaponitia uchungu. Avery na Michael Heidelberger walionyesha mwaka 1923 kuwa joho ni sukari. Katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, ambako vibarua waliotolewa nchi za joto walikufa kwa kichomi kwa wingi hata mwaka 1913 serikali ikakataza kuajiri watu wa kaskazini ya digrii 22 kusini ya Ikweta, ndiko pia ambako, katika miaka ya 1970, Robert Austrian wa Marekani aliijaribu chanjo iliyotengenezwa kwa sukari za majoho, akaona kuwa inakinga. Ikaruhusiwa nchini mwake mwaka 1977. Lakini sukari tupu haikuwafaa watoto wa chini ya miaka miwili, ambao maradhi haya huwaandama mno, kwa sababu mwili mchanga hauiitiki sukari ikija peke yake. Huiitika ikiunganishwa na protini, na Avery pamoja na Walther Goebel walikwisha kulithibitisha hilo kwa sungura kufikia mwaka 1931. Hata hivyo chanjo ya kwanza ya namna hiyo kwa watoto, iliyolenga joho la kiini kingine kiitwacho Hib, ilitoka mwaka 1987. Ya nimokokasi ilianza kutumika Marekani mwaka 2000. Na mtoto wa Kenya akaipata mwaka 2011. Wachimbaji wa Kiafrika walitoa mikono yao ili chanjo ya majoho ithibitike, kisha wajukuu wa bara lao wakangojeshwa. Sina jina jingine la jambo hilo ila dhuluma.

Ilipofika, chanjo haikukawia kuonyesha fadhila yake. Kilifi, pwani ya Kenya, ambako watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na wenzao wa shirika la Wellcome wamekuwa kwa miaka mingi wakiipima damu ya watoto wanaolazwa hospitalini, ilitolewa si kwa wachanga tu bali kwa watoto wote wa chini ya miaka mitano. Na katika miaka iliyofuata, maradhi makali yaletwayo na viini vya majoho 10 yaliyomo katika chanjo yalipungua kwa watoto wa umri huo kwa asilimia 92. Hata wasiochanjwa walinufaika, maana viini hivyo vilipungua puani mwa waliochanjwa, na kwa hiyo havikumfikia kwa wepesi nduguye mchanga wala bibi wa nyumba. Wapo wasemao kwamba kazi hii ni ya bure, maadamu majoho ni zaidi ya 100. Ni kweli kwamba viini vya majoho mengine vimeijaza nafasi iliyoachwa puani. Lakini si kila kikaacho puani huua, na huko Kilifi faida ya chanjo haikumezwa na wageni hao. Hoja yao, ikipimwa kwa insafu, yatuhimiza kutozifunga maabara zinazoyahesabu majoho, ili chanjo ibadilishwe kadiri adui anavyobadilika.

Lipo suala la fedha. Chanjo hii ni miongoni mwa zilizo ghali katika ratiba ya mtoto, na kwa muda wote huu sehemu kubwa ya bei yake imebebwa na Gavi, muungano wa chanjo ulioundwa mwaka 2000. Kenya imekwisha kuingia katika kipindi cha kupunguziwa msaada huo. Nahofia, kwa kuwa waziri aweza kuzindua barabara mbele ya umati, lakini hawezi kuwaonyesha wapiga kura kichomi ambacho hakikumpata mtu. Na mama aliyesafiri na mtoto wa wiki sita, akaambiwa kwamba dozi zimekwisha na arudi siku nyingine, pengine hatapata nauli ya kurudi. Bajeti husomwa Juni, Nairobi na Dodoma. Nawaomba wabunge wadai kwamba fungu la chanjo za watoto litajwe peke yake kwa tarakimu, lisifichwe ndani ya matumizi mengine ya afya, na kwamba Hazina ilitoe mapema, dozi zikiwa bado zimo ghalani.