Nyayo, Baba na Hasla: Jina la Kiongozi na Utiifu wa Mpiga Kura

Aghalabu utiifu wa mpiga kura nchini Kenya huelezwa kwa hoja mbili, kabila na pesa. Hoja hizo zina uzito, ila kuna kisa zisichoweza kukieleza. Mnamo Oktoba 2002, katika bustani ya Uhuru Park, Raila Odinga alitamka maneno mawili, "Kibaki Tosha", na wafuasi wake wa Nyanza wakamiminika kumpigia kura mgombea asiye wa kabila lao. Miaka 20 baadaye, Uhuru Kenyatta, akiwa angali Rais, aliwasihi watu wa Mlima Kenya wamchague Raila. Wengi wao walimchagua William Ruto. Mbona mmoja alisikizwa na mwingine akapuuzwa?

Jibu, kwa maoni yangu, limo katika mtindo wa uongozi, nao mtindo hujidhihirisha kwanza katika jina ambalo kiongozi huitwa. Jina ndilo huamua mfuasi anadaiwa nini.

Tuanze na Daniel arap Moi. Neno "Nyayo" lilimpa raia kazi moja tu: kufuata. Mwaka wa 1984 Moi aliwataka mawaziri wake waimbe kama kasuku, na mwaka wa 1988 wapiga kura walipangwa mlolongo nyuma ya wagombea hadharani. Huo haukuwa utiifu, ulikuwa woga uliovikwa joho la utiifu. Kura iliporudi kuwa ya siri, woga huo ulianza kuyeyuka, na mnamo Desemba 2002 KANU, iliyotawala tangu 1963, ikang'olewa.

Raila naye aliitwa Tinga, akaitwa Agwambo, hatimaye akawa "Baba". Jina la ukoo huleta deni la ukoo. Wahenga walinena kuwa mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na mwana hamwachishi baba kazi kwa kuwa ameshindwa uchaguzi, hata mara tano. Ndiyo maana alipopeana mkono na Uhuru tarehe 9 Machi 2018, miezi michache tu baada ya wafuasi wake kuuawa katika maandamano, wengi wao walimfuata bila kudai kuelezwa masharti. Hata hivyo, tusimdunishe. Ubaba huo aliulipia: aliwekwa kizuizini mara tatu kati ya 1982 na 1991. Uhuru, kwa upande wake, aliupokea utiifu kama urithi wa jina la Mzee, na alipotaka kumhamishia mtu mwingine, wenye kura walikumbuka kwamba ni wao.

Ruto alikwenda kinyume na hao wote. Hakujiita baba wala mzee. Alijiita hasla, mwenzake mama mboga na mwendesha bodaboda. Ulikuwa ubunifu mkubwa wa kimtindo, lakini mwenzako wa kazi humdai. Jina hilo lilikuwa mkataba, na mkataba huvunjika upesi kuliko undugu. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliokataa Mswada wa Fedha waliingia Bungeni, na kufikia hapo hasla alikwisha kubatizwa "Zakayo", mtoza ushuru wa Biblia.

Hapa ndipo sisi wa Kiswahili tunapaswa kukaza macho. Darasani tunachambua majina ya wahusika wa tamthilia hadi silabi ya mwisho, kisha majina yanayowapeleka watu Ikulu tunawaachia wanasayansi ya siasa. "Zakayo" si mzaha mtupu. Zamani kiongozi, au wapambe wake, ndio waliotoa jina na raia wakaliitikia. Safari hii raia ndio waliotaja na Rais akalazimika kuitika.

Raila alifariki Oktoba 2025, akaombolezwa kwa jina la Baba. Jina hilo sasa halina mwenyewe, na sidhani kwamba kizazi kilichozoea kuita "Zakayo" kitamkabidhi mwanasiasa mwingine kwa wepesi ule ule.