Nyumba Nayo Hupumua

Buhongwa, jijini Mwanza, jua la saa nane huligeuza bati kuwa kikaango. Nyumba isiyo na dari wala tundu la kutolea hewa humchoma mwenyewe hadi usiku. Ndipo husikika wanaoihubiri dawa mpya: povu la poliyurethani, lipulizwalo chini ya bati likavimba na kuganda. Kwamba huzuia joto, hapana ubishi. Je, unyevu?

Povu gumu halipitishi mvuke kwa urahisi. Bati likivuja, maji hunaswa baina yake na povu. Mbao za kenchi huoza gizani, na mchwa hula pasi na kuonekana. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Na moto ukizuka, povu lililoachwa wazi huwaka upesi na kutoa moshi wa sumu.

Mji Mkongwe wa Unguja umekwisha kulipa ada ya somo hili. Kuta zake za mawe na chokaa huvuta unyevu na kuutoa. Zilipotiwa lipu ya saruji, unyevu ulifungiwa ndani, kuta zikamomonyoka. Seuze povu?

Povu lina mahali pake: chumba cha baridi cha kuhifadhia sangara. Binadamu si sangara. Anayeitakia Buhongwa mema ataanza na dari, matundu ya hewa yenye wavu, upenu mpana na mti wa kivuli. Vitu ambavyo fundi wa mtaani huvijenga, na huvitengeneza vikiharibika. Nyumba isiyopumua si makazi, ni chungu kilichofunikwa.